Riwaya Moja, Wasomaji Wanane

Riwaya ya shilingi 15,000 ikisomwa na mtu mmoja kisha ikalala kabatini, imemgharimu shilingi 15,000 kwa kusoma mara moja. Nakala ileile ikipita mikononi mwa wasomaji wanane, kila mmoja amesoma kwa shilingi 1,875. Ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, lakini wapenzi wengi wa riwaya hawaipigi. Tunasimama mbele ya rafu, tunageuza kitabu kutazama bei, tunaguna, tunakirudisha. Ile iliyobandikwa nyuma ya jalada ni bei ya nakala. Bei ya kila msomaji tunaipanga wenyewe, kwa namna tunavyonunua, tunavyoazimana na tunavyopendekezeana.

Makala haya ni ya watu wenye marafiki, ndugu au wafanyakazi wenzao ambao kila wakikutana huulizana, "Siku hizi unasoma nini?" Watu wa aina hiyo wanastahili kujua fedha yao iende wapi. Njia zipo kadhaa: kununua kipya, kununua kilichotumika, kutoa kopi, kulipia hadithi za vipande kwenye simu, kuazima maktaba, na kuchangiana. Nitazilinganisha kwa mfano mmoja tu, wa riwaya ya kurasa 200 inayouzwa shilingi 15,000. Kama dukani kwako bei ni nyingine, badilisha namba na uendelee na hesabu.

Bei ya dukani

Tuanze na kitabu kipya, kwa sababu asipokuwepo mtu wa kwanza wa kukinunua, hakuna kitakachoazimwa wala kuuzwa tena. Dar es Salaam msomaji wa Kiswahili ana pa kwenda. Duka la Tanzania Publishing House (TPH), Barabara ya Samora, liko katikati ya jiji na linajulikana na vizazi vya wasomaji. Mikocheni kuna Soma Book Café, ambako unaweza kuketi ukafungua kitabu kabla ya kuamua. Kampuni ya Mkuki na Nyota, aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991, imechapisha vitabu kadhaa vya Shaaban Robert, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, na Peponi, ambayo ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Kwa anayependa kulinganisha, Peponi ni mfano mzuri. Nakala ya Kiingereza ya riwaya hiyo husafirishwa kutoka nje ya nchi na kwa kawaida huuzwa ghali kuliko hii ya Kiswahili iliyochapishwa hapahapa.

Bei ya jalada si gharama yote. Ukitoka Kinondoni kwenda Posta na kurudi, nauli ya daladala ni shilingi 600 mara mbili, na anayetoka Mbagala au Bunju hulipa zaidi. Mtu mmoja akitumwa na wenzake saba, hiyo 1,200 inagawanyika kuwa shilingi 150 kwa kila mmoja. Tena anayenunua nakala nane ana haki ya kuuliza kitu ambacho anayenunua moja huona aibu kukiuliza: punguzo. Wachapishaji huwauzia wenye maduka kwa bei ya chini kuliko ya jalada, ili duka nalo lipate chake. Kikundi kinachonunua kwa pamoja kikimwendea mchapishaji au mwandishi mwenyewe, sehemu ya tofauti hiyo inaweza kubaki mfukoni mwa wasomaji. Waandishi wengi wa riwaya za Kitanzania siku hizi huuza vitabu vyao wenyewe: unapiga simu, unalipa kwa mtandao wa simu, na walio mikoani hutumiwa kifurushi kwa basi. Uliza gharama ya basi kabla hujalipa. Kifurushi cha kitabu kimoja kinaweza kukuongezea bei kwa kiasi kikubwa, lakini kifurushi cha vitabu sita hakizidi sana kile cha kimoja.

Watu hulalamika kwamba vitabu vya Kiswahili ni ghali, na malalamiko hayo nayaelewa. Lakini tazama bei hiyo inavyoundwa. Mhariri, mpangaji kurasa na mchora jalada hulipwa kiasi kilekile, ziuzwe nakala 500 au 3,000. Tuseme kwa mfano kazi hizo zimegharimu shilingi milioni 6. Zikichapwa nakala 500, kila nakala inabeba shilingi 12,000 kabla hata ya karatasi na wino. Zikichapwa 3,000, inabeba 2,000. Uchache wa wanunuzi ndio unaopandisha bei, na bei ikipanda inawafukuza wanunuzi. Mwandishi mwenyewe kwa kawaida hupata mrabaha wa kama asilimia 10, yaani kwenye kitabu chetu cha mfano anapata shilingi 1,500. Majirani zetu wa Kenya wana mzigo mwingine juu ya huo: tangu sheria ya kodi ya mwaka 2013, vitabu vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, hivyo riwaya ya shilingi 500 za Kenya inamfikia msomaji kwa 580.

Vilivyotumika

Kwa wauza vitabu wa barabarani, wale wanaotandaza turubai Dar es Salaam au wa "inama" jijini Nairobi, bei haijaandikwa popote. Inatokana na sura yako, saa ya siku, na kama muuzaji anajua alichonacho. Hapa ndipo msomaji mwenye subira hupata riwaya kwa nusu ya bei ya dukani au chini ya hapo, na ndipo pia anapoweza kuuziwa takataka.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba soko hili linaendeshwa na mitihani. Riwaya inayofundishwa shuleni hujaa barabarani kwa sababu kila mwaka kuna wanafunzi wanaomaliza na kuuza nakala zao. Kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita wa Tanzania, Vuta N'kuvute, Kufikirika ya Shaaban Robert, Usiku Utakapokwisha ya Mbunda Msokile na Mfadhili ya Hussein Tuwa zimekuwa vitabu vya darasani. Za kidato cha tatu na nne ni pamoja na Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Hizi ndizo za kutafutwa zikiwa zimetumika. Kenya mambo ni hayohayo. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilikuwa kitabu cha lazima cha mtihani wa KCSE, kisha ikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Kitabu kikiondolewa kwenye mtihani, mahitaji yake huanguka ghafla lakini nakala bado ni tele. Huo ndio wakati wa msomaji wa kawaida kununua, maana riwaya nzuri haiharibiki kwa sababu wizara imebadilisha orodha.

Ukiinama, kagua. Fungua katikati, usiishie kwenye jalada na ukurasa wa kwanza, kwa kuwa kurasa zikichomoka huchomoka kwa mafungu na mara nyingi ni za katikati. Hakikisha ukurasa wa mwisho upo. Tazama wino: ulio hafifu, mistari iliyokwenda upande na jalada lenye picha iliyofifia ni dalili za nakala ya wizi iliyochapwa uchochoroni. Hiyo usiinunue hata kwa bei ya peremende. Tena soma jalada neno kwa neno, kwa maana kuna vijitabu vya uchambuzi vinavyobeba jina la riwaya kwa herufi kubwa na neno "uchambuzi" kwa herufi ndogo, na aliyetaka kumsoma Adam Shafi hujikuta nyumbani na orodha ya dhamira na wahusika.

Kasoro moja ya nakala za shule siioni kuwa kasoro. Pembeni mwa kurasa utakuta maandishi ya penseli ya mwanafunzi: hapa kuna tashbiha, hapa mhusika amebadilika, hapa mwalimu kasema litatoka kwenye mtihani. Baadhi ya wenzangu huyafuta. Mimi huyaacha, kwa kuwa ni msomaji mwingine ananiambia alisimama wapi.

Kopi na simu

Watu wengi huamini kutoa kopi ni nafuu, na hawajapiga hesabu. Kurasa 200, mbili mbili kwa karatasi, ni karatasi 100. Kwa shilingi 100 kila moja ni shilingi 10,000. Ukiongeza kubana na jalada la plastiki, shilingi 2,000 hivi, umefika 12,000. Umeokoa shilingi 3,000 ukapata bunda lisilofunguka vizuri, litakaloachia kurasa kabla ya msomaji wa tatu, na mwandishi umemnyima shilingi zake 1,500. Hata mtu asiyejali mwandishi hana sababu ya kuchagua njia hii.

Faili la PDF linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ni jambo zito zaidi, kwa sababu kwa anayelipokea ni bure kabisa. Hakuna njia nyingine katika ulinganisho huu inayoweza kushindana na bure. Ndiyo maana nalisema wazi: kwa riwaya ya mwandishi aliye hai, au aliyefariki juzijuzi na kuacha warithi, kusambaza skani bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, ambayo ulinzi wake huendelea miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Euphrase Kezilahabi alifariki Januari 2020 na Ken Walibora Aprili mwaka huohuo. Kazi zao bado zina wenyewe. Na zaidi ya sheria kuna zile nakala 500 nilizozitaja. Wasomaji mia wakipata skani badala ya kununua, mchapishaji anapoteza moja ya tano ya soko lote la toleo hilo, na riwaya ya pili ya mwandishi huyo inakosa wa kuichapisha. Tunaopenda riwaya za Kiswahili ndio tutakaozikosa.

Simu ina njia yake halali, nayo ina mvuto. Waandishi wengi hurusha hadithi kwa vipande: sehemu za mwanzo bure, na utamu unapokolea msomaji analipia zilizobaki kwa M-Pesa au mtandao mwingine. Mtindo wenyewe si mgeni kwetu. Magazeti yetu yamebeba hadithi za kuendelea kwa miongo mingi, na Eric Shigongo alijipatia wasomaji wake wengi kupitia magazeti ya Global Publishers kabla hadithi hazijawa vitabu. Bei ya hadithi ya simu kwa kawaida ni sehemu ndogo ya bei ya kitabu, fedha huenda moja kwa moja kwa mwandishi, na hakuna nauli. Kwa hadithi za mapenzi, ujasusi na upelelezi, naona ni matumizi mazuri ya fedha kwa mtu anayesoma ndani ya daladala.

Lakini kwa wanaosoma kwa pamoja, tazama unachokosa. Huruhusiwi kumpa mwenzako ulichonunua, kwa hiyo wanane ni malipo manane. Mwandishi akichoka katikati, hadithi imeishia hapo na fedha yako pia. Na mara nyingi hakuna mhariri aliyepita, hivyo unalipia hata makosa ya chapa. Kabla ya kulipa, uliza kama hadithi imekamilika, na umwombe mtu aliyemaliza akuambie mwisho wake ulimridhisha.

Maktaba

Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani pia. Uliza dawatini ada ya uanachama na idadi ya vitabu unavyoruhusiwa kutoka navyo, kisha gawanya ada hiyo kwa riwaya unazotegemea kusoma mwaka mzima. Kwa msomaji wa kasi, hakuna njia halali inayokaribia unafuu huo. Nguvu yake kubwa iko kwenye vitabu ambavyo huvikuti tena dukani: Shida ya Ndyanao Balisidya ya mwaka 1975, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed ya 1976, Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani ya 1987. Kwa Nairobi kuna maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Udhaifu ni kwamba nakala huwa moja au mbili, hivyo kikundi hakiwezi kuitegemea kwa kitabu cha mwezi. Itumie kuonja. Ukikipenda ulichoazima, ndipo ukipendekeze kinunuliwe.

Kuchangiana

Sasa tufike kwenye njia ninayoiamini. Akina mama wa Kiswahili wamecheza upatu kwa miaka mingi, na wanajua namna ya kufanya fedha ndogo izunguke bila kupotea: wana zamu, wana siku maalumu, wana kijumbe anayeshika orodha. Vitabu vinazunguka kwa kanuni hizohizo, na zipo namna nne za kuzungusha ambazo gharama zake hazilingani.

Namna ya kwanza ni kila mtu kununua riwaya yake tofauti na wenzake. Watu wanane, riwaya nane, kila mwezi kitabu kinahamia kwa anayefuata. Baada ya miezi minane kila mmoja amesoma riwaya nane kwa shilingi 15,000 zilezile, na kitabu chake kinamrudia mkononi. Angenunua zote peke yake angetumia 120,000. Kwa fedha, namna hii haina mpinzani. Ila mkikutana mwezi wa kwanza, kila mtu amesoma kitu ambacho wengine saba hawajakigusa. Anasimulia, wengine wanasikiliza kwa adabu, na hawezi kusema mwisho ulivyokuwa kwa kuogopa kuwaharibia. Mazungumzo ya kweli huanza mwezi wa nne au wa tano, na vikundi vingi hufa kabla ya hapo.

Namna ya pili ni wote wanane kununua riwaya moja na kuisoma mwezi mmoja. Hapa mjadala hunoga kuliko popote, kila mtu ana nakala yake, na mwandishi anauza nane. Lakini ni shilingi 15,000 kila mwezi kwa kila mtu, au 180,000 kwa mwaka. Wapo wanaoweza. Wengi wetu, karo za watoto zikifika Januari, hatuwezi, na asiyeweza huacha kuja bila kusema kwa nini. Kikundi kinachowapoteza watu wake wenye kipato kidogo kimejipunguzia akili.

Ya tatu ni kuweka fedha chunguni: kila mwezi shilingi 2,000 kwa kila mmoja, jumla 16,000, kinanunuliwa kitabu kimoja ambacho ni mali ya kikundi. Kwa mwaka kila mtu ametoa 24,000 na kikundi kina rafu ya vitabu 12. Ni nzuri kwa ofisi, msikiti, kanisa au mtaa, mahali ambapo kuna kabati na mtu wa kulifunga. Ugumu wake ni umiliki. Mtu akihamia Dodoma, anaondoka na nini? Amueni hilo siku ya kwanza na muliandike.

Ya nne ndiyo ninayowashauri wanaoanza: nakala mbili za kila riwaya. Wanane wanachagua riwaya nne na kila mmoja ananunua nakala moja, kwa hiyo kila riwaya ina nakala mbili na kila mwezi inasomwa na watu wawili. Kwa shilingi 15,000 umesoma riwaya nne kwa miezi minne, sawa na 3,750 kwa riwaya. Ni mara mbili ya gharama ya namna ya kwanza, lakini umenunua kitu kikubwa. Kila msomaji ana mwenzake aliye kwenye kurasa zilezile wiki hiyohiyo, mtu wa kumpigia simu saa nne usiku na kumwambia, "Umefika pale?" Mkikutana, kila riwaya ina watetezi wawili, na mara nyingi hao wawili hawakubaliani. Wengine sita wanasikiliza ubishi huo na kuondoka na hamu ya kusoma kitabu hicho zamu yao ikifika. Hamu ya namna hiyo tangazo la duka haliwezi kuileta.

Gharama zilizofichika zinahitaji kutajwa kwa sababu ndizo zinazovunja vikundi. Kubwa kuliko zote ni chakula. Wanane wakikutana mgahawani na kila mmoja akaagiza cha shilingi 8,000, kikao kimoja kimekula 64,000, fedha ya kununua riwaya nne na chenji ikabaki. Kutaneni nyumbani kwa zamu, chai na maandazi, na mwenyeji asijishindanishe na wa mwezi uliopita. Ya pili ni vitabu kupotea. Kitabu hakipotei kwa wizi. Hupotea kwa shemeji aliyekichukua kukisoma safarini, au kwa mtoto mwenye kalamu ya rangi. Sheria iwe nyepesi kueleweka: aliyekuwa nacho kwenye daftari ndiye anayelipa nakala nyingine, bila kesi. Karatasi ya plastiki ya kufunikia jalada huongeza maisha ya kitabu kuliko onyo lolote. Ya tatu ni muda. Mwezi mmoja unamtosha msomaji wa kurasa 200 anayesoma kurasa 10 kila usiku, kwani atamaliza kwa siku 20 na kubaki na nafasi ya msiba, harusi na ugonjwa wa mtoto. Riwaya ndefu ipeni wiki sita tangu mwanzo.

Kwa ndugu zetu walio ughaibuni hesabu inabadilika, kwa kuwa posta hulingana na uzito. Nakala za Mkuki na Nyota hupatikana Ulaya na Marekani kupitia African Books Collective ya Oxford, na hilo huondoa gharama ya kutuma kifurushi kutoka Dar es Salaam, ingawa bei ya nakala huwa ya huko. Anayekuja likizo ana njia bora: nakala nne za riwaya za ukubwa wa kawaida hazifiki kilo mbili kwenye begi, na zikifika Muscat au Birmingham zinaweza kuzungushwa kwa familia nne kwa utaratibu uleule wa nakala mbili mbili.

Kupendekeza

Gharama kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye risiti: ni kitabu kilichonunuliwa kwa sifa za rafiki na kuachwa ukurasa wa 30. Shilingi 15,000 zimekwenda, na mwenzako sasa anaamini riwaya za Kiswahili hazimfai. Kwa hiyo anayependekeza anabeba dhamana.

"Kizuri sana, kisome" ni pendekezo lisilomsaidia mtu. Muulize kwanza dada yako au jirani yako alimaliza kitabu gani mara ya mwisho bila kulazimishwa, hata kama ni miaka kumi iliyopita. Jibu lake litakuongoza kuliko unachokipenda wewe. Aliyemaliza vitabu vya Willy Gamba vya Elvis Musiba kwa usiku mmoja anataka mwendo. Mtafutie Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, na umwambie mapema kwamba upelelezi wake unakwenda kwa mazungumzo na kuvuta kiko, bastola hazitawali. Kijana anayetaka safari na utafutaji mpe Siku Njema ya Walibora. Aliyetazama filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021 tayari anamjua Yasmin na Denge, hivyo kitabu kitamfungulia Zanzibar ya wakoloni kwa upana ambao filamu haikuwa na muda nao.

Pia sema ugumu wa kitabu bila kumtisha mtu. Nagona ya Kezilahabi ina kurasa zipatazo 60 tu, na wengi huichagua kwa wembamba wake. Ni miongoni mwa riwaya ngumu kuliko zote zilizoandikwa kwa Kiswahili. Nimeshuhudia wasomaji wazuri wakiifunga kwa hasira kwa sababu aliyewapa alisema ni fupi na hakusema lingine. Wangeambiwa kwamba humo ndani hadithi haiendi kwa mstari, kwamba ni kitabu cha kusomwa mara mbili, na kwamba ni vyema kutanguliza Rosa Mistika au Kichwamaji, wangeingia wakiwa tayari. Taja na yale yanayoumiza. Mama aliyefiwa juzi ana haki ya kujua kwamba ukurasa fulani una kifo cha mtoto.

Na ukitaka mtu asome, msomee. Dakika tano za ukurasa wa kwanza kwa sauti, katikati ya chai, zinatosha kumwonyesha kama sauti ya mwandishi inamkaa. Hazina gharama, na zimewaokolea wengi fedha ya kitabu kisicho chao.

Kwa kikundi cha watu wanane kinachoanza mwezi ujao kwa nakala mbili mbili, ningependekeza riwaya hizi nne. Vuta N'kuvute, nakala zote mbili zitafutwe barabarani kwanza kwa kuwa zipo. Siku Njema, kwa wale waliopoteza mazoea ya kusoma, maana inasomeka haraka. Peponi inunuliwe mpya dukani, na jozi inayoanza nayo ipewe wiki sita. Rosa Mistika isisomwe mwezi wa kwanza na jozi ambayo haijazoeana, kwa sababu mjadala kuhusu Zakaria na namna alivyomlea Rosa, binti yake, utagusa nyumba za watu waliopo chumbani. Waliozoeana wakianza nayo na wengine wakaifikia mwezi wa pili, wa tatu na wa nne, kikao cha mwisho kiwe juu ya riwaya hiyo peke yake, nyumbani kwa mtu mwenye sebule kubwa, na kianze mapema mchana.